UCHAMBUZI: Kontena hufungwa pembe nne, abiria wa kiti cha magurudumu hushikwa kwa mkono

KONTENA linapotoka bandari ya Kilindini na kupitia Changamwe kuelekea bara, huwa limefungwa kwenye trela kwa vifungo vinne vya chuma, kimoja katika kila pembe. Dereva asiyevifunga anajua kwamba kona moja tu yatosha kuliangusha kontena hilo juu ya gari la mwenzake, na kwamba akikutana na askari wa trafiki atakuwa na la kujibu.

Upande wa pili wa kisiwa, katika barabara ya Malindi, abiria anayetumia kiti cha magurudumu husafiri kutoka Bamburi hadi mjini pasipo kifungo hata kimoja. Akibahatika kupata gari linaloweza kumchukua akiwa ameketi kitini mwake, kiti hicho huzuiwa kwa breki zake ndogo, kwa kipande cha kamba au kwa mkono wa jamaa aliyefuatana naye.

Tofauti hii haikuletwa na uhaba wa sheria. Kwa zaidi ya miaka 20, Kenya imekuwa ikitunga sheria na kutia sahihi mikataba kuhusu usafiri wa watu wenye ulemavu. Lakini mjadala wote umekuwa ukiishia mlangoni mwa gari: abiria huyu atapandaje? Ni nadra kusikia mtu akiuliza atakuwa katika hali gani gari likishaondoka.

Anayetaka kuelewa jambo hili na asimame asubuhi katika kituo cha Bamburi Mtambo. Nissan ya abiria 14 hukaa kituoni kwa dakika chache tu, na katika dakika hizo utingo anataka viti vijazwe. Abiria wa kiti cha magurudumu humchelewesha. Magari kadhaa hupita bila kusimama, na linaposimama moja, abiria hubebwa mikononi na kuketishwa katika kiti cha mbele au kile cha karibu na mlango. Kiti chake hukunjwa na kurushwa juu ya keria au kusukumwa nyuma ya viti vya mwisho. Malalamiko ya kutozwa nauli mara mbili, ya mtu na ya kiti, ni ya miaka mingi na hayajaisha.

Wengi wanaposimulia safari hiyo hukasirishwa na fedheha ya kubebwa kama gunia, na wana haki. Hata hivyo, kwa upande wa usalama peke yake, huyu aliyehamishiwa kwenye kiti cha gari ndiye mwenye nafuu, iwapo kiti hicho kina mkanda unaofunga. Aliye hatarini zaidi ni yule asiyeweza kuhamishwa.

Nao si wachache. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye kiti chake kimetengenezwa kumshika kiuno, kifua na shingo, hawezi kuketi katika benchi la matatu bila kuanguka upande. Mtu mzima aliyeumia uti wa mgongo huweza kujeruhiwa katika kule kuinuliwa kwenyewe. Mwenye kiti cha umeme hana la kukunja. Hawa husafiri wakiwa vitini mwao, ndani ya gari la shule, gari dogo la kukodi au gari la kupelekea wagonjwa hospitalini, na ndio ambao hakuna aliyewawekea utaratibu.

Mnamo Februari 2004, kanuni zilizotangazwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa. Kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mkanda wa usalama kwa kila abiria. Nchi ilisimama kwa siku kadhaa, watu wakatembea kwa miguu, lakini hatimaye magari yalifungwa mikanda. Hesabu ya kanuni hizo ilikuwa rahisi: kiti kimoja, abiria mmoja, mkanda mmoja. Abiria anayekuja na kiti chake mwenyewe hakuwamo katika hesabu.

Sadfa ni kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika Juni 2004. Kifungu cha 23 kiliwataka wenye magari ya uchukuzi wa umma kuyarekebisha ili yawafae watu wenye ulemavu, kwa namna ambayo ingeelekezwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Waliokuwa tayari na magari barabarani walipewa miaka miwili. Lakini kifungu hicho kiliahirishwa na hakikuanza kutumika hadi 2010. Ile miaka miwili ikapita, na hakuna abiria wa barabara ya Malindi anayeweza kusema aliona nissan zikibadilishwa sakafu.

Katiba ya 2010 ilikuja na Kifungu cha 54, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari kwa kiwango kinachofaa. Kabla yake, mwaka 2008, Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mnamo Mei 2025 Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Ni vyema. Lakini haki ya kupanda gari haimshiki mtu dereva anapokanyaga breki ghafla.

Vipimo vya kimataifa vya vifaa vya kufungia viti vya magurudumu, vilivyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, vimejengwa juu ya jaribio moja. Kiti kikiwa na sanamu ya mtu huwekwa juu ya jukwaa linaloigiza ajali ya gari dogo linalogonga kwa mbele likiwa katika mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Katika sehemu ndogo ya sekunde, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu inayofikia mara 20 ya uzito wake.

Kwa mkazi wa Bamburi, kipimo kilicho karibu zaidi ni mfuko wa saruji wa kilo 50. Mtu wa kilo 60 husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa mifuko 24. Kiti chake cha chuma cha kilo 20 huongeza mifuko minane. Kiti cha umeme cha kilo 100, peke yake, ni mifuko 40, yaani tani mbili. Ndugu aliyeketi nyuma akiwa ameshika mishikio ya kiti hawezi kuzuia hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo. Na mwendo huo wa jaribio uko chini sana ya zile kilomita 80 ambazo kidhibiti mwendo humruhusu dereva.

Breki za kiti nazo zinatumainiwa kupita kiasi. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisizunguke mtu anapohamia kitandani au anapopumzika kwenye mteremko. Haziwezi kukizuia kiti kisiteleze kikiwa kizima juu ya sakafu ya bati, wala kisipinduke gari linapokata kona. Kamba ya katani hunyooka na fundo lake hulegea. Mpira wa tyubu, ambao mafundi wetu huupenda kwa kila kazi, hurefuka pale hasa unapotakiwa kukaza.

Utaratibu uliokubalika wenyewe si wa ajabu. Kiti huelekezwa mbele, kamwe si ubavu. Mikanda minne imara, miwili mbele na miwili nyuma, hufungwa kwenye kiunzi cha kiti na kushikizwa kwa kulabu au reli iliyopigwa bolti kwenye sakafu ya gari. Ile ya nyuma ndiyo inayobeba mzigo mkubwa gari linapogonga kwa mbele. Haifungwi kwenye magurudumu, sehemu za kuwekea miguu wala za kuegemezea mikono, kwa kuwa hizo hung'oka.

Kisha hufungwa mtu, na hapa ndipo hata waliojitahidi hukosea. Kukifunga kiti na kumwacha mwenye kiti ni kumfanya arushwe peke yake. Anahitaji mkanda wake wa gari unaopita chini juu ya mifupa ya nyonga, ukiwa umeugusa mwili badala ya kupita juu ya vishikio vya kiti, na mwingine unaokatiza kifuani kupitia begani. Ule mkanda mwembamba unaokuja na kiti, ambao wazazi wengi huuamini, ni wa kumsaidia mtoto kuketi wima. Haukutengenezwa kwa ajali.

Abiria anayeweza kuhamia kiti cha gari bila kuumia, ni salama zaidi ahamie na kufunga mkanda wa gari. Kiti chake nacho kifungwe kama shehena, kwani kiti kitupu kilichotupwa nyuma bila kufungwa huweza kumpiga abiria wa mbele kisogoni.

Yaonekana basi kwamba kinachokosekana si teknolojia. Hiace, gari ambalo huku kwetu limekuwa matatu, huko Japani lina toleo la kuchukua watu wenye ulemavu, likiwa na lifti ya nyuma na nafasi ya kiti cha magurudumu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 husamehe ushuru wa gari lililotengenezwa mahususi kwa mtu mwenye ulemavu, mradi masharti yatimizwe. Na bandari inayopokea magari hayo kuukuu kutoka Japani, yasiyozidi umri wa miaka minane, ni hii hii ya Mombasa.

Wala hakuna haja ya kuyaiga mataifa ya nje kwa upofu. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2000 huruhusu abiria wa kiti cha magurudumu kusafiri ndani ya basi la mjini akiwa ameelekea nyuma na kuegemea ubao imara, pasipo kufungwa mikanda minne. Hilo linawezekana kwa sababu basi kubwa ni zito, huenda polepole na halisimami kwa mshtuko kama gari dogo. Nissan ya abiria 14 si basi la London. Gari likiwa dogo ndivyo mshtuko unavyokuwa mkali, na ndivyo mikanda minne inavyokuwa ya lazima. Ama tuktuk, ambayo watu wengi wa Kisauni huipenda kwa kuwa inamfikisha mtu hadi mlangoni, haina uzito wala sakafu ya kubeba vifungo hivyo. Ni heri kulisema hilo wazi kuliko kuwauzia watu matumaini.

Wenye matatu nao wana hoja. Nafasi moja ya kiti cha magurudumu inahitaji takribani sentimita 76 kwa 122, na katika nissan hilo humaanisha kupoteza nauli ya abiria wawili au watatu kila safari, asubuhi na jioni. Sheria ya 2003 iliyapuuza mahesabu haya. Ilimwamuru kila mwenye gari arekebishe, bila kusema arekebishe nini na kwa gharama ya nani, na kwa kuwa wote waliamriwa, hakuna aliyejiona ameambiwa yeye.

Kwa maoni yangu, kanuni za kutekeleza sheria mpya zianzie kwa magari ambayo tayari yanawachukua watu hawa wakiwa vitini mwao: mabasi ya shule maalumu, magari ya hospitali, na yale ya taasisi zinazowahudumia watu wenye ulemavu. Hayo ni machache, wenyewe wanajulikana, na hayategemei nauli ya kituoni. Hayahitaji kusubiri Hiace mpya. Yanahitaji reli, bolti, mikanda iliyopimwa na dereva aliyefunzwa. Baada ya hapo yafuate mabasi makubwa, ambako nafasi moja haivunji biashara.

Kaunti ya Mombasa haina sababu ya kungojea Nairobi, kwani Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti uchukuzi wa umma wa barabarani. Mwongozo nao haupo mbali. Bombolulu, kilomita chache kutoka Bamburi, kuna karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 na Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, ambacho pia kimekuwa kikitengeneza viti vya magurudumu humu humu nchini. Fundi anayechomelea kiunzi cha kiti ndiye ajuaye ni bomba gani litahimili mkanda na lipi litapinda. Vituo vinne vya kufungia vikitiwa rangi tangu karakanani, utingo hatahitaji kukisia.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 918,270 wa umri wa miaka mitano na zaidi wenye ulemavu, na ugumu wa kutembea ndio ulioongoza orodha. Hakuna orodha kama hiyo ya wale waliopinduka ndani ya gari wakiwa vitini mwao, kwa sababu fomu ya polisi ya ajali humwandika abiria kuwa abiria, na kiti chake huandikwa, kikiandikwa, pamoja na mizigo.

Mzazi wa Kiembeni au Utange anayempeleka mtoto wake katika shule maalumu ya Port Reitz huvuka daraja la Nyali, hukatiza kisiwa na kupita Makupa, akiwa ameweka mguu wake nyuma ya gurudumu la kiti njia nzima. Huko Changamwe hupishana na yale malori ya kontena.