Orodha ya Vifaa vya Jangwani Ianze kwa Mfanyakazi



Huenda wengine wenu mkauliza, sisi watu wa reli tuna habari gani na mawe ya Turkana? Reli haikufika huko. Twajibu hivi: huko nako kuna stesheni, na penye stesheni pana watu wa kazi. Jambo la watu wa kazi ni jambo letu.

Wataalamu wa miamba huenda Turkana kwa sababu ardhi ya huko haikufunikwa na msitu wala majani. Matabaka ya udongo, mchanga na majivu ya volkano yaonekana wazi, moja juu ya jingine. Zamani walilala katika mahema, na mwaka 1969 Richard Leakey na wenzake walipanda ngamia kutafuta mifupa ya kale upande wa Koobi Fora. Baadaye zilijengwa stesheni za kudumu. Taasisi iitwayo Turkana Basin Institute, iliyoanzishwa mwaka 2005, ina stesheni Ileret, mashariki ya ziwa, na nyingine Turkwel, magharibi.

Basi tutazame vifaa. Ukiuliza mtaalamu wa miamba ahitaji nini, utaambiwa: nyundo, dira, ramani, lenzi, daftari, mifuko ya sampuli, na siku hizi chombo cha setilaiti kionyeshacho mahali mtu alipo. Vyote vyahitajika. Lakini orodha hiyo imeanza katikati.

Kitu cha kwanza ni maji. Mtu apigaye kazi juani kule hawezi kukaa kwa chini ya lita 5 za kunywa kwa siku. Watu 10 kwa siku 10 ni lita 500, yaani kilo 500 za kubeba, na hapo hamjapika ugali wala kunawa uso. Ziwa lipo, lakini maji yake yana magadi.

Kitu cha pili ni gari na vipuri vyake. Laga huwa kavu miezi mingi, kisha mvua hunyesha mbali na maji yakateremka kwa ghafula. Gari likizama mchangani na beleshi hakuna, mbao hakuna, springi imevunjika na fundi hakuja, nyundo itasaidia nini?

Kitu cha tatu ni redio au simu ya setilaiti, pamoja na sanduku la dawa. Madaktari wa ndege wa AMREF walianza kazi mwaka 1957, lakini daktari hawezi kumfikia mgonjwa asiyeambiwa yuko wapi.

Na kitu cha nne, ambacho sisi twasema ndicho cha kwanza, ni mfanyakazi mwenyewe. Dereva, mpishi, mlinzi, mchimbaji, na yule mwenye macho ya kutambua mfupa kati ya kokoto elfu.

Ushahidi upo. Kamoya Kimeu alisoma shule ya msingi tu, akaanza kazi ya kuchimba mwaka 1960. Mwaka 1984, karibu na mto Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu ambacho wengine wangekipita. Kikawa mwanzo wa kupatikana kwa mifupa ya kijana aliyeishi karibu miaka milioni 1.5 iliyopita. Mashine haikumwonyesha. Alikuwa na macho, subira, na miaka mingi ya kazi. Mwaka 1985 alipewa nishani huko Marekani. Alifariki mwaka 2022.

Ushahidi wa pili ni tabaka la majivu la Koobi Fora liitwalo KBS. Sampuli zake zilipimwa Uingereza, na umri ukatajwa kuwa karibu miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaona fuvu chini ya tabaka hilo, likadhaniwa kuwa la zamani mno. Wataalamu wakabishana miaka mingi, hata ikathibitika kuwa tabaka lina miaka karibu milioni 1.9. Chembe za mawe ya zamani zaidi zilikuwa zimechanganyika na majivu yale. Mashine ya Ulaya hupima kile kilichotiwa mfukoni jangwani. Basi mtu anayechagua jiwe, anayelisafisha na kuandika kibandiko chake, kazi yake si ndogo hata kidogo.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kwa historia yetu. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa, kuanzia mwaka 1896, ilipita nyika ya Taru isiyo na maji, na maji yakaletwa kwa treni. Hadi kufika Kisumu mwaka 1901 wafanyakazi Wahindi karibu 2,500 walikuwa wamekufa. Vyuma na mataruma vilihesabiwa kimoja kimoja. Uhai wa watu haukupata hesabu kama hiyo.

Kwa hiyo twasema, bila kumtaja mtu yeyote kwa ubaya, kwamba kila safari ya jangwani ipangwe hivi:

1. Maji, kivuli, redio na dawa viandikwe juu ya orodha, mbele ya mashine.

2. Viatu vigumu, kofia, glavu na miwani ya kukingia vipande vya mawe vitolewe bure. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga. Si zawadi.

3. Kila mtu awe na bima ya ajali kwa sheria ya fidia ya mwaka 2007, hata kibarua wa mwezi mmoja.

4. Wenyeji wafundishwe kusoma ramani na kutumia vyombo, ili mtoto wa mfugaji asibaki mbeba maji milele.

5. Aliyeona kitu, jina lake liandikwe.

Wafanyakazi wa stesheni hizo ni wachache na wametawanyika, nao sauti ya mtu mmoja haisikiki jangwani. Basi tuwatafute, tuwaambie haki zao, na tuwakaribishe katika umoja wa wafanyakazi. Nyundo bila mkono ni chuma tu.