GARI HAIDUMU KWA BAHATI

Ndugu wanachama,

Pikapu yetu imetimiza kilometa 400,000. Watu wanasema ati ni bahati. Si bahati! Ni oili kubadilishwa kila kilometa 5,000, na filta ya hewa kukung'utwa vumbi kila wiki wakati wa kiangazi.

Lakini tangu mavuno daftari la gari halijaandikwa. Nani anajua oili iliyomo ni ya lini? Oili chafu inakula injini kimya kimya. Ikinoki, mahindi yetu yatabebwa na walanguzi kwa bei yao.

Mimi Katibu nina kosa, sikuuliza. Ila kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo. Ndugu Dereva, wewe umesoma shule: andika! Kamati ikague kila Jumamosi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Katibu wa Chama