Anayetukanwa Langoni Siye Aliyeirefusha Foleni



Huenda wapo wasomaji watakaouliza kwa nini safu hii, iliyozoea kuzungumzia mishahara, saa za ziada na vifaa vya kinga, leo ihangaike na bustani za maburudiko za ng'ambo, mahali ambapo watu hupeleka watoto wao wakapande vigari na kula aiskrimu. Kwanza, si kila aendaye huko ni tajiri. Wengi wanaosimama katika foleni za bustani hizo ni watu wa viwandani na madukani, waliodunduliza mwaka mzima kwa ajili ya siku moja. Pili, mbele ya kila foleni amesimama mfanyakazi. Yanayompata mfanyakazi huyo yafaa tuyaangalie vizuri, maana yeyote aliyewahi kusimama kwenye mizani ya majani ya chai, au kwenye dirisha la kulipia mishahara, atayatambua mara moja.

Mashine ninayoizungumzia wenyewe huiita rolakosta. Ni reli ya kuchezea. Vigari vilivyofungwa pamoja huvutwa kwa mnyororo hadi kilele cha mlima wa mbao au wa chuma, kisha huachiliwa viteremke kwa uzito wake, vipinde kona, vipande tena, huku abiria wakipiga mayowe ya hofu waliyoilipia wenyewe.

Wachache wanajua kwamba moja ya asili za mchezo huu ni jasho la wachimba makaa. Mwaka 1827, huko Mauch Chunk katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kampuni ya makaa ya mawe ilijenga reli ya kuteremshia makaa kutoka mlimani hadi mtoni, mwendo wa kilometa 14 hivi. Mabehewa yaliteremka yenyewe, na mshika breki akiwa juu yake. Nyumbu, ambao kazi yao ilikuwa kuyavuta mabehewa matupu kurudi juu, nao waliteremshwa kwa behewa lao. Baadaye watu wa mjini wakaanza kulipa ili waonje mteremko huo, na makaa yalipopata njia nyingine, reli ile ikabaki kuwa ya watalii mpaka 1933. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson, ambaye kabla ya hapo alikuwa katika biashara ya kiwanda cha soksi, alifungua rolakosta yake Coney Island, New York. Nauli ilikuwa senti 5 na mwendo haukuzidi kilometa 10 kwa saa. Vigari vilipoishiwa nguvu mwisho wa njia, wafanyakazi walivisukuma hadi juu ili virudi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza raha ya abiria ilikuwa juu ya mabega ya mtu.

Sasa tuje kwenye foleni yenyewe.

Mtu amesimama juani saa mbili. Watoto wanalia, chupa ya maji imekwisha, mbele yake watu wawili wamewaingiza jamaa zao sita. Hatimaye anafika langoni na kumkuta kijana mwenye sare, ambaye amesimama pale pale tangu asubuhi na hajapata hata dakika ya kwenda msalani. Kijana anampima mtoto na kuona amepungukiwa kimo kwa upana wa kidole. Sheria ni sheria: mtoto hapandi. Hapo ndipo baba wa mtoto anapoimwaga hasira yote ya saa mbili. Matusi, kidole machoni, vitisho vya kwenda kushtaki kwa meneja. Mwingine anakataa kuiweka simu mfukoni, ingawa simu ikimponyoka katika mwendo ule inaweza kumpasua mtu uso. Mwingine analegeza kizuizi cha kifuani ili apumue, na kijana analazimika kurudi, kukisukuma na kukikagua upya, huku foleni nzima ikimzomea kwamba ni mzembe.

Haya si maneno ya kutunga. Julai 2022 bustani ya Knott's Berry Farm huko California ilifungwa mapema usiku mmoja kwa sababu ya ugomvi, na baada ya hapo vijana wa miaka 17 kushuka chini wakakatazwa kuingia Ijumaa na Jumamosi bila mtu mzima. Mwaka 2013 magazeti ya New York yalieleza jinsi watu wenye fedha walivyokuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu wawe kama viongozi wao, ili familia nzima ipitishwe mlango wa pembeni. Mwaka huo huo Disney ikaubadili utaratibu mzima, na wenye ulemavu wa kweli wakabanwa kwa ujanja wa matajiri.

Disney huwaita wateja wake wageni. Wafanyakazi huwaita waigizaji, yaani hata anayefagia anahesabiwa kuwa yumo katika mchezo wa jukwaani na anapaswa kutabasamu. Mgeni ni neno la heshima kwetu, lakini wazee wetu waliliwekea mpaka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa bustani hizo hapewi jembe kamwe. Amenunua tiketi, basi anadhani amemnunua na aliyesimama langoni.

Tabia hiyo siitetei hata kidogo. Lakini ndugu zangu, tukiishia kuwalaumu wageni tutakuwa tumeyasaidia makampuni, maana hilo ndilo wanalolipenda. Tujiulize: nani aliyeifanya foleni iwe ndefu?

Hesabu yake si ngumu. Njia ya rolakosta hugawanywa vipande, na katika kila kipande hairuhusiwi kuwamo treni zaidi ya moja. Treni ya pili ikifika kabla ya ile ya kwanza kuondoka stesheni, breki huishika ikangoja. Tuseme treni moja inabeba watu 24, na inaondoka treni kila baada ya dakika 2. Hao ni watu 720 kwa saa. Sasa ofisi iamue kupunguza treni moja ili kuokoa gharama za mafundi, na imwondoe mtu mmoja kati ya wanaokagua vizuizi. Treni ikianza kuondoka kila baada ya dakika 3, ni watu 480 kwa saa. Foleni ya watu 1,440 ambayo ingekwisha kwa saa 2, sasa itachukua saa 3. Saa hiyo moja iliyozidi haikuletwa na kijana wa langoni. Ililetwa na kalamu, katika chumba ambacho hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia kutukana.

Kisha likaja jambo la pili, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Foleni yenyewe imegeuzwa kuwa bidhaa. Mwaka 1999 Disney ilianzisha karatasi ya bure ya kumpa mgeni saa ya kurudi, ili asisimame muda wote. Mwaka 2021 utaratibu wa bure ukaondolewa, ukaletwa wa kulipia. Oktoba 2024 ukaongezwa wa daraja la juu zaidi: katika bustani ya Disneyland huko California, aliyetaka kupita mlango wa haraka wakati wowote ule alitozwa dola 400 kwa siku moja, kila mtu, mbali na kiingilio. Mwaka huo huo mshahara wa chini wa maelfu ya wafanyakazi wa hapo, baada ya mapambano nitakayoyataja, ulifika dola 24 kwa saa. Gawanya mwenyewe. Mtu anayewafungulia wateja mlango ule angehitaji kufanya kazi karibu saa 17, kabla ya kodi na kabla ya kula, ili naye apite mara moja.

Na tazameni jinsi mpango huu unavyofanya kazi. Viti vya treni ni vile vile 24. Anayeingizwa kwa mlango wa fedha anachukua kiti cha aliyesimama. Kadiri foleni ya kawaida inavyokuwa ndefu na ya kuchosha, ndivyo mlango wa fedha unavyopata wanunuzi. Mwenye bustani aliyekuwa na sababu ya kuifupisha foleni, leo ana sababu ya kuiacha. Mahali mistari miwili inapokutana amewekwa mfanyakazi mmoja, kazi yake ni kuinua mkono na kusema: ninyi simameni, wale wapite. Nani atatukanwa hapo? Aliyepanga bei hayupo. Yupo mwenye sare.

Wengine watasema matusi hayavunji mfupa. Kweli, lakini haraka huvunja. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, rolakosta iitwayo Smiler ilikuwa na hitilafu. Treni tupu ya majaribio ilipelekwa, ikashindwa kumaliza mzunguko, ikakwama njiani bila mafundi kujua. Mtambo wa usalama ukaisimamisha treni iliyokuwa na watu 16, kama ulivyotakiwa kufanya. Mafundi wakidhani mtambo umekosea, wakaupuuza na kuiachilia treni kwa mkono. Ikagonga ile tupu. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Simu ya kuita msaada ilipigwa baada ya dakika 17, na abiria walikaa juu zaidi ya saa 4 kabla ya wote kushushwa.

Ingekuwa rahisi kuwafukuza mafundi wale na kufunga mjadala, kama tulivyoona mara nyingi panapotokea ajali. Lakini wakaguzi wa serikali walisema njia, vigari na mtambo wa kutenganisha treni havikuwa na ubovu. Kosa lilikuwa la mwajiri, ambaye hakuwawekea mafundi utaratibu madhubuti wa kufuata pindi mashine inapokwama. Mwaka 2016 kampuni ya Merlin, yenye bustani hiyo, ilipigwa faini ya pauni milioni 5. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko faini yenyewe: mahakama ilitazama juu ya kichwa cha fundi ikamwona aliyekuwa nyuma yake.

Je, wafanyakazi wa bustani hizo wamekaa kimya? La. Mwaka 1984 wale wa Disneyland waligoma siku 22 walipotaka kuzuiliwa nyongeza ya mishahara. Mwaka 2018 uchunguzi uliogharimiwa na vyama vyao uliwauliza wafanyakazi wapatao 5,000, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alisema kwamba katika miaka miwili iliyopita alipata kukosa mahali pa kuishi. Hebu fikirini: mtu anatabasamu mchana mbele ya ngome ya mfalme, usiku analala ndani ya gari. Julai 2024 vyama vinne vyenye wafanyakazi 14,000 viliwapigisha kura ya kugoma, na asilimia 99 ya waliopiga kura wakakubali. Mgomo haukufika, kwani mwajiri alirudi mezani, na hizo dola 24 zikapatikana. Hata wale wanaovaa mavazi ya vikaragosi na kupigwa picha na watoto, walipiga kura mwaka huo huo kuingia katika chama.

Kwa maoni yangu mshahara peke yake hautoshi. Idadi ya mikono katika kila mashine iandikwe katika mkataba, ili ofisi isiipunguze kimya kimya siku ya wageni wengi. Anayempiga au kumtukana mfanyakazi atolewe nje, na mfanyakazi asikatwe mshahara kwa muda aliopumzika kutuliza moyo. Anayebonyeza kitufe cha kusimamisha mashine kwa shaka ya kweli asiulizwe kwa nini amepoteza dakika kumi. Tena ningependa kile kibao cha kuonyesha muda wa kungoja kiongezewe mstari mmoja: leo treni ngapi zimeondolewa njiani, na kwa amri ya nani. Mstari huo mmoja ungempunguzia kijana wa langoni nusu ya matusi.

Najua makampuni yatasema haiwezekani, mambo ya ndani ni ya ndani. Basi wageni nao waendelee kukisia, na aliye karibu ndiye atakayelipa.

Huko Melbourne, Australia, ipo rolakosta ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1912 katika bustani ya Luna Park. Haina breki za kuendeshwa na mtambo kutoka chumbani. Mshika breki husimama katikati ya treni, kati ya abiria, mikono kwenye wenzo, akaipunguza mwendo kabla ya kila kona. Amepanda nao na atashuka nao. Sijasikia kwamba huko kuna mgeni anayemtukana akiwa kileleni.