Haki ya Njia Kariakoo

Katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Said al-Khudri (r.a.), Masahaba walipokatazwa kukaa njiani walieleza kuwa hawana budi na vikao vyao hivyo. Mtume (s.a.w.) akawaruhusu kwa sharti la kuipa njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia udhia na kurudisha salamu.

Kariakoo ya wazee wetu ilikuwa mji wa baraza. Nyumba za Kiswahili zilijipanga katika mitaa iliyonyooka, kila moja na baraza yake mbele, na mwenye kwenda Msikiti wa Mtoro alifika baada ya salamu nyingi. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimekuwa zikivunjwa kupisha maghorofa. Palipokuwa na baraza leo pamesimama gari, limegandamana na ukuta. Na ajuza, kipofu, au mama aliyebeba mtoto husukumwa katikati ya barabara, baina ya bodaboda na mikokoteni. Mwenye gari naye amefunga vioo. Salamu ataijibu nani?

Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa, hoja ikiwa ni kumpisha mwenda kwa miguu. Hatukanushi kwamba njia zilizibwa. Lakini mbona meza ya muuza kanga iitwe kero, na gari lililolala juu ya njia ileile liitwe maegesho?

Wala tusiwaachie watu wa mipango miji lawama yote. Imamu an-Nawawi katika Minhaj, mlango wa Sulhu, amebainisha kuwa njia ya watu wote haifai kutumiwa kwa namna inayowadhuru wapitao. Hukumu hiyo haimtoi mwenye gari, hata akiwa amekuja kuswali. Tazameni milango ya misikiti yetu siku ya Ijumaa: magari ya waumini yamefunga kichochoro kizima, na mzee mwenye mkongojo anatafuta upenyo. Baadhi ya magari hayo yametoka katika maduka ya mtaa wa pili, ilhali hatua za kuuendea msikiti zina thawabu zake!

Tunaziomba kamati za misikiti ziweke vijana mlangoni kuanzia saa tano, Ijumaa hii, wasiruhusu gari lolote kuziba njia. Na waanze na gari la imamu.