Nani Atazitamba Hadithi Zetu?

Wazee wengi wa mwambao wakisikia habari ya michezo ya kompyuta huuliza swali moja tu: kijana huyu ataacha lini upuuzi huu ashike kitabu? Swali hilo si baya. Mtoto aliyekesha mbele ya skrini huja chuoni asubuhi akisinzia, na herufi zikampita kama upepo. Lakini liko swali jingine ambalo aghalabu hatuliulizi, nalo ndilo nililolikusudia leo. Ndani ya michezo hiyo mna hadithi zinazotambwa, tena hadithi ndefu kuliko zote tulizowahi kusimuliwa na bibi zetu. Je, ni hadithi za nani, na nani anazitamba?

Biashara yenyewe si ndogo. Duniani michezo hii huingiza zaidi ya dola bilioni 180 kwa mwaka. Maadam fedha ni nyingi kiasi hicho, makampuni makubwa yameishika njia kuu. Lakini pembeni wako wadogo: watu watatu, watano, saba, wasio na tajiri nyuma yao. Hao ndio huitwa studio huru. Kwa miaka mingi njia yao kubwa ya kujulikana imekuwa kubeba kazi yao, hata kama haijesha, na kuipeleka kwenye maonyesho, wakaiweka mezani mbele za watu.

Hebu, ndugu msomaji, tuitazame safari ya studio moja iliyopita njia hiyo, ili tuone imepata nini na kwa gharama gani.

Mwaka 2009 vijana wawili wa Kimarekani, Amir Rao na Gavin Simon, waliacha kazi zao katika kampuni kubwa ya Electronic Arts huko Los Angeles. Hawakukodi ofisi. Walihamia nyumbani kwa baba yake Amir, mjini San Jose, wakaigeuza sebule kuwa karakana. Studio yao wakaiita Supergiant Games, na mchezo wao wa kwanza wakauita Bastion. Mpaka kazi inakwisha walikuwa watu saba. Mtunzi wao wa muziki, Darren Korb, alikuwa mbali New York, akirekodi ndani ya kabati la nguo kwa kukosa chumba kisicho na kelele.

Kilichoupa mchezo huo jina ni mtambaji. Mchezaji akitembea, sauti ya mtu mzima inamsimulia papo kwa papo. Akianguka, sauti yasema ameanguka. Akisimama kuvunjavunja vitu bila sababu, sauti yamsema kwa hilo nalo. Mwenye sauti alikuwa Logan Cunningham, rafiki wa Korb waliyekaa naye nyumba moja. Nilipoelezwa jambo hili mara ya kwanza nilitabasamu, kwani mtambaji anayebadilisha maneno kwa kutazama uso wa msikilizaji wake ni mtu tunayemjua sisi tangu zamani.

Septemba 2010 waliuchukua mchezo huo, ungali na viraka, wakaupeleka Seattle kwenye maonyesho yaitwayo PAX. Maonyesho hayo yalianzishwa mwaka 2004 na watunzi wawili wa vibonzo, Mike Krahulik na Jerry Holkins, na tangu siku ya kwanza yalikuwa ya raia wa kawaida. Yalikuwepo mengine makubwa zaidi, E3 ya Los Angeles, yaliyoanza mwaka 1995. Lakini hayo kwa zaidi ya miaka ishirini yalifungwa kwa watu wa biashara, raia wakaanza kuuziwa tikiti mwaka 2017 tu. Desemba 2023 ikatangazwa kwamba E3 imekwisha kabisa. PAX ingali ipo.

Sasa, mtu atauliza: kwa nini mwenye kazi aionyeshe kabla haijakamilika? Je, si kujitia aibu?

Jibu analijua kila mshairi. Ukiwasomea jamaa zako shairi, watakwambia mashaallah, limetimia. Lakini ukilipeleka mbele ya watu wasiokujua, mizani ikipungua hata moja, utaiona kwenye nyuso zao kabla hawajafungua kinywa. Katika maonyesho ya michezo mambo ni hayo hayo. Mgeni huketi, hushika chombo cha kuchezea, na mwenye kazi husimama nyuma ya bega lake akiwa kimya. Mgeni akikwama, mwenye kazi ameona palipo na kasoro. Mgeni akiinuka na kwenda zake baada ya dakika mbili, hiyo nayo ni hukumu, na haina rufaa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sijaona mahali ambapo msemo huu umefaa zaidi.

Fauka ya hayo, waandishi wa habari hupita hapo, na wenye mitaji hupita pia. Baada ya Seattle, kampuni ya Warner Bros. ilikubali kuuchapisha mchezo huo, nao ukatoka Julai 2011. Kabla mwaka ule haujesha ulikuwa umeuzwa zaidi ya nakala 500,000, na kufikia mwanzo wa 2015 zilikuwa milioni tatu. Studio ikabaki mikononi mwa wenyewe. Mwaka 2013 walirudi kwenye maonyesho ya PAX, safari hii Boston, na mchezo wao wa pili. Mchezo wao wa nne, Hades, uliokamilika Septemba 2020, ulipata mwaka uliofuata tuzo ya Hugo, ambayo asili yake ni tuzo ya waandishi wa hadithi za kubuni. Yaani wale wa sebuleni walikwishaingia katika safu ya watunzi.

Hadithi hiyo ni tamu, lakini tusilewe. Nyuma ya ushindi huo ilikuwepo nyumba ya baba, isiyodai kodi kila mwezi. Zilikuwepo akiba za mishahara ya kampuni kubwa. Seattle ilikuwa nchini mwao wenyewe, wala hapakuwa na afisa wa kuwauliza wanakwenda kufanya nini na watarudi lini. Hata kwao huko, wadogo wengi walishindwa na gharama za nafasi, umeme na usafiri. Ndiyo sababu mwaka 2012, huko Boston, studio kadhaa ndogo zilijichanga zikashika uwanja mmoja mkubwa kwa pamoja, chini ya uongozi wa Kelly Wallick, wakauita Indie Megabooth. Ushirika huo ulifanya kazi nzuri kwa miaka minane, hadi janga la korona lilipoyafunga maonyesho mwaka 2020, nao ukasimama.

Ikiwa mambo ni hayo kwa Mmarekani, je, kwa kijana wa Mombasa?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea kompyuta yake nimtazamie Kiswahili cha mchezo anaoutengeneza. Ni habari ya nahodha atokaye Lamu, ambaye lazima aujue wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, la sivyo chombo hakifiki. Wazo ni zuri mno. Palipokuwa pameandikwa "upande wa upepo" nilimwambia mabaharia husema joshini, na upande wa pili ni demani. Aliandika akafurahi. Nikamuuliza ataupeleka wapi. Akanitajia maonyesho ya Gamescom, mjini Cologne, Ujerumani, ambako mwaka 2024 walihudhuria watu 335,000. Kisha akacheka. "Ami," akasema, "mchezo ninao, safari sina." Akanihesabia: nauli, malazi, barua ya mwaliko, hesabu ya benki ya kumridhisha afisa, na ada ya viza ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90, wala haurudishiwi hata ukinyimwa.

Si kwamba vipaji havipo. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa kompyuta alioutengeneza mwenyewe, wa binti aitwaye Nyangi. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio ya Leti Arts, yenye miguu miwili, mmoja Nairobi na mmoja Accra, wakitengeneza michezo na vibonzo vya mashujaa wa Kiafrika. Kinachokosekana ni barabara ya kutoka karakanani mpaka mbele ya macho ya dunia.

Kwa hiyo hadithi zetu zikifika huko, mara nyingi hufikishwa na waliokwisha kuwa huko. Desemba 2023, katika sherehe ya tuzo za michezo mjini Los Angeles, Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alipanda jukwaani akazungumza juu ya baba yake aliyefariki, na juu ya mchezo alioutengeneza kwa ajili ya msiba huo: Tales of Kenzera: Zau. Ulitoka tarehe 23 Aprili 2024. Ni habari ya kijana Zau anayetaka kumrejesha baba yake kutoka mautini. Kubwa kwetu ni kwamba mchezaji akipenda, wahusika wote humzungumzia kwa Kiswahili.

Najua wako watakaokunja uso, kwa kuwa ndani ya mchezo huo yumo Kalunga, aitwaye mungu wa mauti. Wana haki ya kuuliza, na mzazi ana haki ya kumweleza mwanawe kwamba hiyo ni ngano, si itikadi. Hata bibi zetu walitutambia mazimwi, wakainuka kwenda kuswali Isha, na hakuna aliyechanganya mambo hayo mawili. Na kiini cha ngano hii, kwamba aliyekufa harudi na aliyebaki lazima ajifunze kusubiri, si kigeni kwetu hata kidogo.

Lakini tazama mwisho wake. Studio ya Salim, iitwayo Surgent, iko Uingereza. Mchezo ulichapishwa na Electronic Arts, kampuni ile ile waliyoikimbia vijana wa San Jose. Julai 2024, miezi mitatu tu baada ya kutoka, studio iliwaachisha kazi watu zaidi ya kumi. Aprili 2025 mchezo huo huo ukapewa tuzo ya BAFTA mjini London. Tuzo ilikuja wakati baadhi ya waliouchonga walikwisha kwenda zao. Sifa zilikuwa nyingi, riziki ikawa haba. Kwenye duka la Steam peke yake, mwaka 2024 iliingia michezo mipya zaidi ya 18,000. Katika bahari ya namna hiyo, makofi ya usiku mmoja hayalishi watu mwaka mzima.

Basi tufanyeje? Sisemi vijana wasiende Cologne wala Boston. Aliye na njia na aende. Pia Cape Town sasa ina maonyesho ya Africa Games Week, na huko ni karibu zaidi. Ninachosema ni kwamba hukumu ya kwanza ya hadithi yetu isingoje viza.

Lamu kuna tamasha la utamaduni, na humo watu hushindana kwa majahazi, kwa punda na kwa bao. Kando ya meza za bao ziwekwe meza mbili tatu za kompyuta. Kaunti zetu, ambazo hutenga fedha za utamaduni kila mwaka, zigharimie umeme na nauli ya vijana. Kisha nahodha mstaafu aketishwe mbele ya mchezo wa nahodha, na mtengenezaji asimame nyuma yake, kimya. Mzee akisema chombo hakigeuzwi hivyo, kijana aandike. Mzee akisahau chai yake ikapoa, kijana ajue amepata.

Hapo tena akienda ng'ambo atakwenda na kazi iliyokwisha kupimwa na wenye lugha yake. Na asipopata kwenda, kazi itakuwa imekwisha kupata watu.