Palahala wa Shimba: Akiba isiyopaswa kuoza

KATIKA sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021, palahala waliohesabiwa nchini Kenya walikuwa 51 pekee. Makao yao ni hifadhi ya Shimba Hills, Kaunti ya Kwale, mwendo mfupi kutoka hoteli za Diani.

Idadi hiyo inatisha kwa sababu mbili. Kwanza, maradhi au ukame wa msimu mmoja waweza kuwafyeka. Pili, kundi dogo lililozungukwa na ua na mashamba hulazimika kuzaana ndugu kwa ndugu, na kizazi kikadhoofika hata pasipo mwindaji haramu.

Dawa inayotajwa mara nyingi katika hali kama hii ni kuingiza damu mpya. Jirani yetu Tanzania ana palahala wengi. Hata hivyo, wataalamu hutofautisha palahala wa pwani na wale wa bara. Ukichanganya wasiolingana, waweza kupoteza kile kile ulichokusudia kukiokoa. Swali la nani alingane na nani hujibiwa na vinasaba, yaani DNA.

Historia imetuachia kipimo. Mwaka 1909, Kermit, mwana wa aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliwinda palahala Shimba. Mwaka uliofuata mwanasayansi Edmund Heller alimtangaza palahala huyo kuwa wa aina ya pekee, akampa jina la Roosevelt. Mabaki ya msafara huo yalipelekwa katika makavazi ya Washington.

Je, ngozi ya zaidi ya miaka 100 yaweza kusema lolote? Naam. Mwaka 1984 watafiti nchini Marekani walitangaza kuwa wamepata vinasaba katika nyama iliyokauka kwenye ngozi ya kwaga, mnyama wa jamii ya punda milia aliyetoweka Afrika Kusini katika karne ya 19. Ngozi hiyo ilikuwa na umri wa miaka 140.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kipande kidogo cha tishu hukatwakatwa, kikatiwa kimeng'enya cha kuyeyusha protini. Vinasaba hunaswa kwenye silika, vikasafishwa kwa alkoholi na kutolewa kwa maji safi. Kisha mashine huvirudufu mara mamilioni ili visomeke.

Ugumu hutokana na jinsi sampuli ilivyotunzwa. Joto na unyevu, ambavyo Kwale haivikosi, hukatakata vinasaba. Formalini, inayopendwa kwa kuhifadhi umbo la viungo, huvifunga na kuviharibu. Mkono usio na glavu nao huacha vinasaba vya binadamu juu ya vile vya mnyama. Kipande chembamba kilichotiwa mapema katika alkoholi kali, kikaandikwa tarehe na mahali, chafaa kuliko ngozi nzima iliyotundikwa ukutani.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilifungua maabara yake ya vinasaba jijini Nairobi mwaka 2015. Lakini maabara haiwezi kusoma kilichokwisha kuoza. Kazi huanza msituni, kwa askari mwenye chupa, glavu na kalamu. Kila palahala anayekufa Shimba, awe ameliwa na chui au amekufa kwa uzee, aache sampuli, na sampuli hiyo ihifadhiwe nchini. Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutumika mwaka 2014, unaipa nchi haki ya kushirikishwa katika manufaa ya rasilimali zake za kijenetiki. Ni vigumu kudai haki hiyo juu ya kitu ambacho hatukukitunza.

Hapana shaka vinasaba havizuii moto wala mitego. Ulinzi wa msitu utabaki kuwa wa kwanza. Lakini siku uamuzi wa kuleta palahala wa kigeni utakapofika, Kwale isije ikabahatisha. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii yetu yaoza, tena upesi, isipotiwa chupani.