Robine ya mafuta ikae karibu na mkono wa rubani

Jumapili tarehe 12 Oktoba 1997, mwimbaji wa Marekani John Denver alikufa baada ya ndege yake ndogo kuanguka baharini karibu na Monterey, California. Ndege hiyo, aina ya Long-EZ, haikutoka kiwandani. Ilijengwa na mtu binafsi. Katika mchoro wa Burt Rutan, robine ya kubadilisha tangi la mafuta ilikuwa kati ya miguu ya rubani. Mjenzi aliiweka nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi walisema Denver alishindwa kuongoza ndege alipojaribu kuigeuza.

Pampu nzuri na mabomba yasiyovuja havitoshi. Anayejijengea ndege akae kwanza kitini, afunge mkanda, ageuze robine huku macho yakibaki mbele. Akishindwa, asiruke.